Kaburi la Mukura na Jina la Marehemu

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa mara nyingi barazani, na husahauliwa upesi watu wanapoondoka. Lakini liko kaburi moja katika nchi ya Teso ambalo huikumbusha kila mwaka.

Msafiri aondokaye Malaba na kuvuka mpaka hufika Tororo baada ya mwendo mfupi, na hapo njia ya reli hugawanyika. Moja huelekea Jinja na Kampala. Ya pili hugeuka kaskazini, ikapita Mbale na Kumi. Hiyo ya pili ilifika Soroti mwaka 1929, na kwa miaka mingi ilichukua pamba ya wakulima wa Teso kuelekea bandari ya Mombasa. Kati ya Kumi na Soroti pako mahali paitwapo Mukura.

Kwa Wateso wa upande wa Kenya mambo ya huko si ya mbali. Katika Kaunti ya Busia iko Amukura, jina lililo karibu sawa na hilo, na watu wa pande zote mbili ni kabila moja wenye lugha moja. Mpaka uliwatenga mwaka 1902, sehemu ya mashariki ya Uganda ilipoondolewa na kutiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Basi msiba wa Mukura uliliwa matanga pande zote mbili.

Serikali ya Yoweri Museveni ilipochukua madaraka mwezi Januari 1986, Teso ilipatwa na taabu mbili kwa mfululizo. Kwanza, wanyang'anyi kutoka Karamoja waliteka ng'ombe, wakaacha mazizi matupu. Mkulima wa Teso asiye na ng'ombe hana wa kuvuta plau, hana mahari ya kumwoza mwanawe, wala hana akiba ya siku ya njaa. Pili, askari wengi wa serikali iliyoondolewa walirudi vijijini bila kazi na bila matumaini. Ndipo lilipotokea jeshi la waasi lililoitwa Uganda People's Army, likiongozwa na Peter Otai, aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe havina uwanja uliopimwa. Uwanja wake ni shamba la mtama, kisima, na njia ya kwenda sokoni. Waasi hudai chakula usiku. Asubuhi askari huuliza ni nani aliyewalisha. Mwenye nyumba hana jibu lisilo na hatari.

Tarehe 11 Julai, 1989, askari wa kikosi cha 106 cha jeshi la Serikali waliwakusanya wanaume wapatao 300 kutoka Mukura na vijiji vya jirani, kwa kuwashuku kwamba waliwasaidia waasi. Baadhi yao walifungiwa ndani ya behewa la gari la moshi lisilo na hewa ya kutosha, wakasongamana humo zaidi ya saa nne. Lilipofunguliwa, watu 69 walikuwa wamekufa kwa kukosa pumzi. Waliotoka hai walikuwa 47. Behewa lile lile lililoletwa nchini kuchukua mazao lilikuwa limechukua roho za wakulima.

Kufikia mwaka 1992 waasi wengi walikuwa wameweka silaha chini. Huko Mukura palijengwa kaburi la pamoja, na shule ya sekondari ikapewa jina la ukumbusho wa marehemu hao. Serikali ilitoa pia fedha za fidia kwa jamaa. Na kila ifikapo tarehe 11 Julai watu hukusanyika hapo kwa sala.

Pengine mtu atauliza: Ikiwa kaburi limejengwa na fedha zimetolewa, deni limebaki wapi? Jibu ni kwamba marehemu wale hawakupoteza uhai tu. Walikufa wakiitwa washiriki wa waasi, bila kushtakiwa mbele ya hakimu, bila shahidi na bila hukumu. Mtoto aliyeachwa alirithi shamba, na pamoja na shamba alirithi tuhuma. Fedha huweza kununua ndama; haziwezi kumfutia mtu tuhuma. Tuhuma hufutwa kwa kusema kweli hadharani, mbele ya watu wale wale walioisikia. Hiyo ndiyo kazi ya mkutano wa kila mwaka, na ndiyo maana jamaa hawaachi kuja.

Ni vema pia kutazama Obalanga, katika nchi hiyo hiyo ya Teso. Mwezi Juni 2003 waasi wa Lord's Resistance Army waliingia huko, wakaua na kuteka watoto. Nako kuna kaburi la pamoja na sala za kila mwaka. Kaburi la Mukura ni la waliokufa mikononi mwa askari wa Serikali; la Obalanga ni la waliouawa na waasi. Mjane wa huku na mjane wa kule hulia machozi ya namna moja. Atakayekumbuka kaburi moja na kulisahau la pili hakumbuki marehemu. Anatafuta hoja ya ugomvi.

Wakati haungoji. Kijana aliyetoka katika behewa lile akiwa na miaka 20 alitimiza miaka 50 mwaka 2019. Kila familia yenye jamaa aliyepotea katika vita hivyo, iwe Malaba, Amukura, Tororo au Kumi, ingefanya vema kumketisha mzee wake, na kijana ajuaye kalamu aandike daftarini jina la marehemu, kijiji chake, kazi yake na siku aliyoondoka nyumbani. Daftari hilo lisiandikwe kwa ajili ya kisasi, bali ili mjukuu atakapouliza babu yake alikuwa nani, aambiwe kwamba alikuwa mkulima wa Mukura.