MWENZETU ABAKIWAPO NA SIKU CHACHE UGENINI

Imetufikia barua ya mwanachama mwenzetu, karani wa hapa Ilemela, ambaye huu ni mwaka wa pili yuko Uingereza kwa ruhusa ya masomo. Jina lake hatulitaji, maana hakuandika ili asomwe na kila mtu, ila ametupa idhini tuyaseme yaliyomo kama twaona yafaa. Twaona yafaa. Mtihani wake wa mwisho umekwisha, na alipotia sahihi alikuwa amebakiwa na siku 19 za kukaa huko. Nasi tulidhani barua ya mtu aliyebakiwa na siku 19 ingejaa furaha tupu. Kumbe ukurasa wa kwanza wote ni hesabu.

Ameandika majina ya jamaa na majirani, na mbele ya kila jina kitu kilichoagizwa. Saa za mkono tatu. Simu nne. Koti la baba mkwe. Viatu vya mjomba, ambaye hakuona haja ya kutaja namba ya mguu wake. Cherehani ya shangazi, na kitu kingine ambacho yeye mwenyewe hakijui, ila ameambiwa kwamba "huko kila duka wanacho." Ndege yamruhusu masanduku mawili, na vitabu vyake peke yake vyajaza moja na nusu. Fedha za masomo zilimtosha chakula na chumba, basi. Asema amekuwa akifanya kazi ya kufagia ghala usiku, tangu mtihani ulipokwisha, ili asije akashuka uwanjani mikono mitupu.

Ndugu wanachama, tukicheka, na tucheke taratibu. Mwandishi wa maneno haya alipoisoma orodha ile aliliona jina lake mwenyewe, mstari wa kumi na moja.

Ukurasa wa pili ni mzito zaidi. Auliza: "Je, meza yangu ingalipo?" Amesikia kwamba kazi yake yafanywa na mwingine, na kwamba mkubwa aliyempa ruhusa amehamishwa. Asema pia jambo ambalo twalistahi kwa sababu ni la kweli na si rahisi kulisema. Kwa muda wa miaka miwili amekuwa akinunua mkate wa mtu mmoja, akila peke yake, akifunga mlango wa chumba chake usiku bila kuulizwa na mtu. Siku za kwanza upweke ule ulimliza. Sasa ameuzoea, na akifikiri nyumba yao ya watu kumi na mmoja moyo wamshtuka, kisha aona haya kwa ajili ya mshtuko huo. Wenzake waliosoma pamoja wametawanyika kila mtu kwao. Koti lake la baridi amekwisha kuahidi kumpa mgeni atakayeingia chumba kile baada yake. Na yuko rafiki mmoja, mtu wa huku huku kwetu, ambaye humwambia kila jioni: "Kaa. Utarudi kufanya nini?"

Hajasema kwamba atakaa. Asema tu kwamba ameanza kulifikiri neno hilo.

Wako watakaosema mara moja kwamba huo ni utovu wa shukrani, kwamba alitia sahihi mkataba, na kwamba nchi yamngoja. Mkataba ni kweli alitia sahihi, na neno la mtu mzima ni neno. Lakini swali la rafiki yule si la kipuuzi, na halijibiwi kwa kukemea. Atarudi kufanya nini? Sisi tulioko huku ndio tunaopaswa kulijibu, tena kabla hajapanda ndege.

Tuwatazame waliotangulia. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada yake mwaka 1952, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akashuka Dar es Salaam, ambako mchumba wake, Maria Gabriel, alimngoja. Bibi huyu alikuwa amesomeshwa na masista wa Sumve, Kwimba, jirani zetu. Siku zile Watanganyika wenye shahada ya ng'ambo walihesabika kwa vidole. Naye alipofika kwao Butiama alikanyaga udongo wa matofali kwa miguu yake mwenyewe, akajenga nyumba. Watu walistaajabu kuona msomi yuko ndani ya matope. Mwezi wa Januari 1953 akaoa, na baadaye mwaka huo akaenda kufundisha Pugu. Wengi huisimulia habari ya matofali ili kusifu unyenyekevu wake. Sisi twaona pia kwamba katika miezi ile mitatu alikuwa na kazi ya mikono iliyomrudisha nyumbani pole pole, mbele ya macho ya watu wake, kabla hajapewa kiti na mtu yeyote.

Tena twaye wa kwetu wa Mwanza, Bwana Paul Bomani. Huyu alikuwa mtu wa kalamu na hesabu kama sisi, maana alipata kufanya kazi ya mahesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na tangu mwaka 1947 akashika kazi ya chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika hapa mjini. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilia kwa sababu ya mizani ya wanunuzi, maana mtu alikuja na mzigo wake akiujua uzito, na mizani ikamwambia mwingine. Bwana Bomani na wenziwe wakawaunganisha wakulima katika chama chao cha Jimbo la Ziwa. Mwaka 1953 akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea mambo ya ushirika, akarudi mwaka 1954. Na mwaka 1955 vyama vya pamba viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo likaja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha.

Twalitaja jambo hili si kwa ajili ya cheo cha mwisho. Yatazameni masomo yenyewe. Hakwenda kusoma kitu ambacho kwao hakina mahali pa kukitia. Mizani ilikuwako, pamba ilikuwako, wakulima walikuwako na walijua amekwenda kutafuta nini. Kiti chake hakikupoa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa ugenini, "Utarudi kufanya nini?" anacho cha kujibu.

Si wote waliopokewa hivyo, na yafaa makarani tuikumbuke habari hii kwa kuwa ni yetu. Mtumishi Mwafrika aliyerudi na cheti sawasawa na cha Mzungu alikuta mshahara haulingani na cheti. Tume ya Holmes, iliyotoa shauri lake mwaka 1948, ilisema mtu asiye Mzungu katika cheo kile kile alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ikadumu mpaka Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ilipoikataa. Basi mtu alikaa miaka mitatu katika baridi, akashinda mtihani ule ule, katika chumba kile kile, akarudi akaambiwa kwamba yeye ni tatu ya tano. Mwaka 1953 tena ukatoka waraka wa Serikali uliowakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Bwana Hamza Mwapachu, aliyekuwa amesoma Wales, alikuwa mtumishi huko Nansio, Ukerewe, ng'ambo ya maji haya tuyaonayo kutoka Kayenze. Na wanaosimulia habari za siku zile husema kwamba wenziwe wa Dar es Salaam walimfuata huko kisiwani ili kupata shauri lake. Katika Usukuma matawi ya TANU yalifungwa tangu mwaka 1954 hata 1958. Watu wale walirudi katika nyumba iliyofungwa milango, wakaingia hivyo hivyo.

Milango hiyo ilikwisha kuvunjwa zamani, wala hakuna leo wa kumwambia mwenzetu kwamba yeye ni tatu ya tano. Lakini iko njia nyingine ya kumpunguza mtu, haina tume wala waraka, nayo huifanya sisi wenyewe.

Ndugu yangu wa tumbo moja alirudi kutoka masomoni miaka michache iliyopita. Alikuwa amesomea utunzaji wa kumbukumbu na majalada, kazi ambayo ofisi yake ilikuwa ikiililia. Ofisi hiyo siitaji. Siku ya kwanza alivaa tai. Akaambiwa angoje. Akangoja miezi minne kwenye benchi la wageni, analipwa, hana meza. Mwezi wa tano akapewa ghala la karatasi tupu azihesabu. Wenziwe wakamwita "Profesa." Walimwita kwa mzaha, nasi nyumbani tukacheka naye, hata siku moja mama yetu aliposema, "Acheni kumwita hivyo, hamwoni kwamba hali tena?" Nilikuwa nakula meza moja naye kila siku, na sikuwa nimeona. Baadaye akahama kazi, na elimu ile ya majalada haimfai mtu mpaka leo. Majalada ya ofisi ile yangali yamefungwa kwa kamba ya katani, na panya wanayajua kuliko makarani.

Basi huko ndiko kurudi bila kupokewa. Ngoma tulimpigia, hilo hatukukosa. Tulikodi gari, akina mama wakapiga vigelegele kutoka uwanjani mpaka nyumbani. Kesho yake kila mtu akaenda kazini kwake, na yeye akabaki na benchi.

Haki ya upande wa pili nayo tuiseme. Wako wanaorudi ambao hata malaika angechoka kuwapokea. Mtu amekaa ng'ambo miezi tisa, amesahau Kisukuma. Wazee wamwambia "Mwangaluka," yeye atazama saa. Joto la Mwanza, alilozaliwa ndani yake, sasa lamuumiza kichwa. Sangara wa Kirumba wananuka. Kila neno laanza na "Kule kwetu," na kwao anakokusudia siko Ilemela. Huyo twamwomba avumilie tukimcheka kidogo, maana ni dawa. Ila tukumbuke kwamba mara nyingi sisi ndio tuliomharibu, kwa kumkalisha kiti cha mbele kabla hajanawa uso, na kumwuliza habari za theluji badala ya kumwuliza amejifunza nini. Mtu akiulizwa theluji mwaka mzima atageuka kuwa mtu wa theluji.

Shauri letu kwa kamati na kwa wanachama ni hili.

Kwanza, katika siku hizi zilizosalia, kila aliyeagiza kitu aandike barua, au apige simu, kulifuta agizo lake. Mwandishi amekwisha kulifuta lake. Lilikuwa ni koti, na kwa kweli hapa Mwanza angelivaa wapi? Mwenzetu aache kufagia ghala usiku. Usiku alionao azitengeneze karatasi zake, achukue barua za walimu wake, aage watu vizuri, na kama kuna kitabu ambacho hakipatikani huku basi na kikae mahali palipotengwa kwa cherehani. Shangazi tutakwenda kumwona. Si kazi nyepesi, kwa hiyo twaomba watu wawili wenye umri.

Pili, na hili ndilo kubwa, kamati imwendee mkubwa wa ofisi yake wiki hii, wala isingoje wiki ya kufika kwake. Isiende kudai cheo, bali iulize maneno matatu: meza yake ni ipi, kazi atakayopewa ni ipi, na kazi hiyo yahusiana vipi na masomo aliyopelekwa kusoma. Majibu yaandikwe, na nakala apelekewe huko aliko, ili rafiki yake wa jioni akimwuliza tena awe na karatasi ya kumwonyesha. Kama jibu ni kwamba meza haipo, ni afadhali tulijue sasa, wakati pana nafasi ya kuzungumza, kuliko alijue yeye siku ya kwanza akiwa amevaa tai. Na kijana anayeikalia meza ile sasa asitupwe nje. Amefanya kazi ya mwenziwe miaka miwili, naye pia ni mwanachama.

Wengine wameuliza kama itakuwa vibaya mwenzetu akiamua kubaki huko. Kamati haina polisi. Mkataba alioutia sahihi ni shauri lake na waliompa fedha, naye ajua gharama zake. Lakini hatupendi abaki kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yuko anayemngoja kwa kazi, mbali na wanaomngoja kwa saa za mkono.

Tatu, habari ya upweke aliyotuandikia. Jamaa zake wametuambia kwamba wamekwisha kuziba ufa wa chumba cha nyuma, kile kinachotazama mawe ya upande wa ziwa, kiwe chake peke yake kwa muda, na watoto wameonywa wasimwingilie. Twaona wamefanya vema kuliko kamati. Hata kurudi nyumbani mtu hulazimika kukuzoea, na hakuna aibu.

Mapokezi yatakuwa uwanja wa ndege, ambao Mungu ameujalia kuwa humu humu Ilemela, kwa hiyo hakuna udhuru wa nauli. Siku na saa zitabandikwa kwenye ubao wa chama mara tu atakapotujulisha. Watakaokwenda wampe Katibu majina. Ngoma haikukatazwa, ila isizidi jioni moja. Ahitajika pia mwanachama mwenye gari lenye nafasi nyuma, kwa sababu sanduku moja na nusu ni la vitabu, na vitabu ni vizito.