Mu'jam ya Hadithi na Chuo cha Leiden: Tujifunze Nini?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wanakifahamu kitabu kiitwacho Al-Mu'jam al-Mufahras li-Alfadh al-Hadith. Ukikumbuka neno moja tu la hadithi, unalitafuta humo kwa mzizi wake, nacho kinakuonyesha hadithi hiyo iko wapi katika vitabu tisa: vile sita mashuhuri, Muwatta ya Imam Malik, Musnad ya Imam Ahmad na Sunan ya Darimi. Masheikh wanakitumia, nasi walimu tunakitumia. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kazi ile iliongozwa na Mholanzi asiyekuwa Muislamu, A. J. Wensinck, profesa wa Chuo Kikuu cha Leiden. Juzuu ya kwanza ilikamilika mwaka 1936. Wensinck alifariki 1939, uchapaji haujafika hata nusu. Wenzake wakaendelea, na juzuu ya saba ikatoka 1969.

Tukiwaeleza watu habari hii tunapata majibu ya aina mbili. Wapo wasemao, "Hao elimu yote waliichukua kwetu." Na wapo wasemao, "Basi wenye elimu ni wao, sisi tumelala." Kwa maoni yetu, majibu yote mawili ni ya mtu asiyetaka kujisumbua. Tutazame historia yenyewe.

Leiden ndicho chuo kikuu kikongwe kuliko vyote vya Uholanzi, na ni chuo cha umma hadi leo. Kilifunguliwa Februari 1575 kwa amri ya Willem wa Orange, miezi michache tu baada ya mji kuokoka katika mazingiwa ya jeshi la Hispania. Watu walikuwa wametoka kufa njaa, lakini walianzisha chuo. Hilo pekee ni somo kwetu sisi tunaosema kila mwaka kwamba hali ni ngumu.

Mwaka 1613 Thomas Erpenius aliteuliwa kuwa profesa wa Kiarabu hapo, akatoa kitabu cha nahau kilichotumika Ulaya kwa miaka mingi. Miongoni mwa waliomsaidia kuijua lugha hiyo ni Muislamu, Ahmad bin Qasim al-Hajari, mzaliwa wa Hispania aliyehamia Morocco. Mrithi wake, Jacobus Golius, alisafiri Morocco, Halab na Istanbul, akarudi na miswada zaidi ya 200. Mwanafunzi wa Golius, Levinus Warner, aliishi Istanbul hadi alipofariki mwaka 1665, akakiachia chuo miswada ipatayo 1,000. Ndani yake mna nakala pekee iliyobaki duniani ya Tauq al-Hamama, kitabu cha Imam Ibn Hazm wa Andalusia. Nakala nyingine zote zimepotea.

Hapa yule wa jibu la kwanza ajiulize: je, waliiba? Miswada ile ilinunuliwa sokoni. Sisi ndio tuliouza.

Na yule wa jibu la pili naye asikilize. Si kila aliyesoma Leiden aliitakia kheri dini yetu. Christiaan Snouck Hurgronje, aliyesoma hapo, aliingia Makka mwaka 1885 akijitambulisha kuwa ni Muislamu kwa jina la Abdul-Ghaffar. Kisha akawa mshauri wa serikali ya kikoloni, akiieleza namna ya kuvunja upinzani wa Waislamu wa Aceh, katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Mwishowe akarudi Leiden kuwa profesa. Ujuzi wake wa Uislamu ulikuwa mkubwa, na aliutumia kuwatawalia Waislamu.

Lakini katika chuo hichohicho, tarehe 26 Novemba 1940, profesa wa sheria Rudolph Cleveringa alisimama mbele ya wanafunzi akapinga waziwazi kufukuzwa kwa walimu Mayahudi, wakati Wajerumani wameikalia nchi. Wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa, naye akatiwa gerezani. Elimu ni ileile. Nia ndiyo iliyowatenganisha watu hawa wawili. Ndiyo maana masheikh wetu huanza kila darasa kwa kusahihisha nia.

Basi tuchukue nini? Kwanza, tuithamini lugha. Watu wale walivuka bahari kwenda kujifunza Kiarabu, na mwanafunzi wetu anachoka na sarufi kwa sababu darasa lipo baada ya alasiri na mpira unachezwa nje.

Pili, tutunze vitabu vya wazee wetu. Humu pwani ziko nyumba zenye makasha ya karatasi za babu: mashairi, fatwa, dawa, nasaba. Mchwa wanazila, na nyingine huchomwa siku ya kufagia nyumba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kabla hujachoma, mwite mwalimu asome.

Tatu, wazazi wasiwalazimishe watoto kuchagua. Wapo wanaomtoa mtoto madrasa akifika kidato cha tatu ili apate muda wa tuisheni, na wapo wanaomkataza chuo kikuu kwa kuogopa ataharibika. Wote wawili wanamkata mtoto mkono mmoja. Mtoto aliyelelewa katika adabu na sala akienda chuo kikuu, hapa au Leiden kwenyewe, atajua nini cha kuchukua na nini cha kuacha.

Wensinck hakuiona Mu'jam ikikamilika. Nasi tunaomba wapatikane miongoni mwa wanafunzi wetu watakaoanza kazi za namna hiyo, wakiwa na elimu yake na imani ya wazee wao. Wabillahi taufiq.