Mwili wetu pia ni inchi yetu: tuanze polepole, lakini tuanze

Ndugu na dada, vijana wa Mulungwishi, wa Likasi, wa Lubumbashi na popote mnaposoma hii,

Leo hatuongei juu ya uchaguzi, wala juu ya bei ya unga. Tunaongea juu ya tumbo. Musicheke.

Tulitoka iniversite na diploma mu mikono. Tulipeleka barua za kuomba kazi mpaka tukaacha kuzihesabu. Tukarudi mu lupango ya wazazi, tukakaa. Asubuhi chai ya sukari na mikate. Mchana hakuna kitu. Usiku bukari kubwa, juu ndiyo inashibisha nyumba nzima. Kisha simu mpaka usiku wa manane. Miaka miwili imepita hivyo, na suruali ya siku ya kupokea diploma haifungi tena. Mmoja wetu alipanda juu ya mizani: kilo 104. Akashuka, akapanda tena, akisema mizani imeharibika. Mizani ilikuwa nzima.

Kwetu, mutu mwenye tumbo ni mukubwa, iko na feza. Kwa hiyo kijana asiye na kazi akinona, wanamucheka mara mbili: "Weye hauna kazi, unakulaka wapi?" Wanauliza wapi, hawaulizi nini. Feza kidogo inanunua unga, mafuta na sukari. Haifiki kila siku ku samaki na matunda. Kunona kwa asiye na kazi si alama ya utajiri. Mara nyingi ni alama ya kula kitu kimoja kila siku na kukosa mahali pa kwenda.

Basi huyo wa kilo 104 alikasirika. Alikopa mega, akatafuta video za Insanity, ile programu ya Shaun T wa Marekani iliyotoka 2009: siku 60 za kuruka, kukimbia papo hapo, kushuka chini na kuruka tena. Alianza Jumatatu, juu ya simenti, na kandambili. Ijumaa goti lilivimba. Majuma matatu alitembea akichechemea, na watoto wa lupango wakaiga mwendo wake. Akasema: "Sport haiko ya batu kama shiye."

Hapo ndipo tunakataa. Nguvu ya moyo alikuwa nayo. Alichokosa ni mutu wa kumuambia aanzie wapi.

Tumesoma kidogo, tukaelewa. Hii mazoezi ya nguvu ya muda mfupi ilijulikana sana kupitia kazi ya Mujapani Izumi Tabata na wenzake, iliyotangazwa 1996: sekunde 20 za kutumia nguvu yote, sekunde 10 za kupumzika, mara 7 ao 8. Inaisha kwa dakika 4 hivi. Lakini waliopimwa walikuwa wanafunzi vijana wa michezo, na walikanyaga baiskeli ya kupimia. Hakuna aliyewaambia waruke juu ya simenti na kilo 104.

Tena, ukali wa mazoezi unapimwa na moyo wako, si na moyo wa yule wa mu video. Kama unaweza kuongea lakini hauwezi kuimba, hiyo ni mazoezi ya kadiri. Kama unasema maneno machache tu na pumuzi inakatika, umefika ku ukali. Kwa mutu munene, kupanda kilima mbio mbio kwa miguu kunaweza kumufikisha pale. Hana lazima ya kuruka. Na goti linajua hesabu: watafiti waliofuata watu wanene wenye ugonjwa wa magoti waliona kwamba kila kilo moja iliyopungua inaondoa mzigo wa kilo 4 hivi juu ya goti, kwa kila hatua. Kwa hiyo tupunguze kwanza, kuruka kutakuja nyuma.

Mukumbuke Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32. Foreman alipiga kwa nguvu yote tangu mwanzo. Ali alijiegemeza ku kamba, akatunza pumuzi, na mu raundi ya 8 Foreman akaanguka. Wazee wetu wangali wanasimulia. Sisi tunaoanza tukiwa wanene, tucheze kama Ali.

Hii ndiyo tunafanya sasa, mara 3 kwa juma, mu lupango, kabla jua halijatoka. Haiombi mega, haiombi umeme, haiombi feza. Dakika 5 za kutembea papo hapo, mwili upate moto. Kisha mambo 4: kukaa ku kiti na kusimama bila kusaidia na mikono, kusukuma ukuta, kuinua goti moja moja, kupiga ngumi hewani. Kila moja sekunde 30, kisha dakika 1 ya kupumzika. Tunazunguka mara 2, ni dakika 12. Tunamaliza na dakika 3 za kutembea polepole. Jumla dakika 20. Kisha mwezi wa kwanza tunapunguza mapumziko kidogo kidogo. Kuruka tunakuacha mpaka goti likubali.

Shirika la Afya Duniani, mu maagizo yake ya 2020, linaomba watu wazima dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kadiri kwa juma, ao 75 mpaka 150 za mazoezi makali. Sisi hatujafika, lakini linasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko bure. Tunaongeza kutembea.

Wenye tansio, wenye sukari, wenye mimba: muone munganga kwanza. Na kila mutu akisikia maumivu ya kifua ao kizunguzungu, asimame mara moja. Hakuna medali ya kuzimia.

Na tusidanganyane: mazoezi peke yake inapunguza kilo kidogo tu. Tumepunguza sukari mu chai na donge la bukari, tumeongeza lengalenga, matembele na maharagi. Hatujifungi njaa, njaa tuliijua bila kuomba.

Dada zetu, tunajua munachekwa kutupita. Kwenu wanaume wenzetu: mwanamuke anayevaa suruali na kutoka jasho mu lupango yake si muhuni. Funga kinywa, ao ukuje usukume ukuta pamoja naye.

Sasa mutauliza: hii ni kazi ya raia? Ndiyo. Juu ya nini tunajificha nyuma ya nyumba? Juu ku balabala ya Likasi kuenda Kolwezi, kamyo za migodi zinapita na vumbi yao, na anayekimbia pembeni anahatarisha maisha. Juu kiwanja tulichochezea mpira utotoni kimekatwa vipande, kila kipande na ukuta wake. Konstitisyo ya 18 Februari 2006 inasema mu artikulo 42 kwamba viongozi wako na lazima ya kulinda vijana juu ya afya yao, masomo yao na maendeleo yao. Artikulo 47 inahakikisha haki ya afya na ya chakula. Kwa hiyo tutatoka jasho, na tutaomba viwanja vyetu. Moja haifuti ingine. Anayetuambia "mujipange wenyewe tu" anataka kusahaulisha haki. Lakini anayengojea haki akiwa amekaa, ataipokea akiwa mugonjwa.

Wazazi wetu, wakati wa Mobutu, walilazimishwa kucheza animasyo politiki, kutikisa mwili juu ya Guide. Sisi hakuna anayetulazimisha. Tunatikisa mwili juu yetu wenyewe.

Yule wa kilo 104 leo iko na 97. Bado munene. Kazi bado hana. Lakini anaamka mbele ya jua, na hiyo peke yake ilikuwa imepotea. Tulimuomba ruhusa ya kuandika hii, akasema: "Muandike, lakini museme goti limepona."

Limepona. Kesho asubuhi, mu kila lupango: kiti kimoja, ukuta mmoja, dakika 20. Muamshe jirani mmoja. Na atakayekuja mara ya kwanza akichoka mbele ya wengine, asichekwe.