Msamaha wa ushuru uombwe trakta ikingali dukani



Sisi wakulima wa bonde la Ruzizi tukinunua trakta Dar es Salaam, hatulipi ushuru wa kuingiza mali kule Tanzania, kwa sababu mashine inapita tu. Lakini karatasi ya kupita ina siku zake. Trakta ikifika Kalundu ao Kavimvira, kazi ya karatasi ile imekwisha, na duane yetu, DGDA, inadai haki yake. Hapo ndipo feza za kooperative zinaishia.

Kumbe sheria ya kilimo namba 11/022 ya tarehe 24 desemba 2011 inasamehe ushuru vitu vinavyoingizwa kwa ajili ya kilimo peke yake. Msamaha huo haujileti. Tuuombe kwa maandishi mbele ya kununua, kwa jina la kooperative, si la mwenyekiti. Kuanza kuuomba kwenye bariera ni kuchelewa, na mpunga haungoji.

Tena tuseme kweli: gari la kubeba mpunga leo na abiria kesho si la kilimo peke yake. Mmoja akidanganya, mlango utafungiwa wote. Komite ziulize kwanza, ndipo zichangishe.