Acheni Watoto Waogope

Kuna imani imeota mizizi kwa wazazi wengi: filamu ya mtoto lazima iwe tamu mwanzo hadi mwisho, na chochote kinachotisha kitamharibu. Hadithi ikianza tu kuingia giza, runinga inazimwa. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi wangu ni Spirited Away, filamu ya katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki iliyotoka mwaka 2001.

Mhusika wake mkuu, msichana Chihiro, ana miaka 10. Wazazi wake wanavamia chakula wasichokaribishwa, wanageuka nguruwe. Usiku unaingia, vivuli vinajaa barabarani, na mwili wa mtoto unaanza kufifia mbele ya macho yake mwenyewe. Mimi mtu mzima nilisisimka mwili. Lakini Miyazaki hakukosea watazamaji: aliitengeneza akiwakusudia hasa wasichana wa umri huohuo, mabinti wa marafiki zake.

Kwa nini kumtisha mtoto? Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara najibu kwamba mtoto anaogopa tayari. Anajua wazazi huugua, huachana, hufa. Anajua kuhama mji ni kupoteza marafiki, na ndivyo filamu inavyoanza: Chihiro kalala kiti cha nyuma cha gari, kakumbatia maua ya kuagwa. Filamu tamu haimwondolei mtoto hofu hizo. Inamwachia azibebe peke yake. Bibi zetu waliotusimulia mazimwi wanaomeza watu walilijua jambo hili, wala hawakuwa wakatili.

Na tazama Chihiro anavyoishi na hofu yake. Hapewi upanga wala uchawi. Anapewa kazi ya kusugua sakafu katika nyumba ya kuogea ya mchawi Yubaba, wanakokuja miungu na mizimu kujisafisha. Kijana Haku anampa mabonge ya wali. Anatafuna huku machozi makubwa yanamtiririka, na hasiti kutafuna. Hapo nililia, na nikiitazama tena nalia tena, kwa sababu sijaona mahali pengine ujasiri ukioneshwa kwa ukweli namna ile: hofu ipo palepale, na kula lazima ale, kesho kuna kazi. Baadaye linaingia dubwana la matope lenye uvundo, wakubwa wote wanaziba pua. Chihiro anazama kwenye tope mpaka anagusa kitu kilichomchoma ubavuni. Kikivutwa kwa kamba inatoka baiskeli, na nyuma yake mlima wa takataka za binadamu. Kumbe alikuwa mungu wa mto.

Wanaotaka kuwakinga watoto na kila kitu, Miyazaki amewachora humohumo ndani ya filamu. Yubaba ana mwana, Boh, mtoto mchanga mkubwa kuliko mama yake, aliyefungiwa chumba kilichojaa mito kwa kuambiwa kwamba nje kuna vijidudu vya maradhi. Mapenzi ya mama yule ni ya kweli kabisa, na matokeo yake ni jitu linalotishia kumvunja Chihiro mkono asipocheza nalo. Mpaka Boh anageuzwa panya na kusafiri nje ndipo anarudi akisimama kwa miguu yake. Yubaba mwenyewe anapigwa na butwaa.

Sisemi mtoto wa miaka mitatu akalishwe mbele ya filamu hii. Nasema wa miaka minane, tisa, kumi, na mzazi akae kando yake. Maana mzazi anayezima runinga pale wazazi wanapogeuka nguruwe hajamwepusha mtoto na hofu yoyote. Amemwonesha baba na mama wakipotea, kisha akamnyima kumwona binti wa miaka 10 akienda kuwarudisha.