Alfa Romeo kwenye migomba? Tuongee ukweli kidogo

Testi zimeisha, tumebaki hai, Mungu ni mwema. Leo sina stori za lekcha wala za foleni ya msosi. Nina hoja moja tu na nataka kuiweka mezani vizuri, maana kule rumu kila nikifungua mdomo mnapiga kelele wote kwa pamoja.

Hoja ni hii: mtoto wa Karagwe au Kyerwa, anayesomea ualimu na hajaajiriwa, anunue gari la michezo la Kiitaliano lililozeeka, au aachane nalo?

Msicheke bwana. Kuna mshikaji wetu (jina kapuni, mwenyewe anajijua) ameona Alfa Romeo GTV inauzwa Mwanza. Nyekundu, milango miwili, na bei anayotajiwa iko chini kuliko ya Toyota IST ya mtumba. Amepagawa kabisa. Tena hela ya kulinunulia anajua itatoka wapi: kwenye kahawa ya kipande cha kibanja alichopewa na babu yake. Ndiyo sababu naandika. Ingekuwa ndoto tu ningemwacha aote mpaka asubuhi.

Kwanza nimtetee. Kwetu ukimwambia mzee unataka gari, swali la kwanza ni "linabeba mikungu mingapi?" Kama halibebi ndizi, halibebi kahawa na halipeleki mgonjwa Nyakahanga, basi ni upuuzi. Mimi sikubaliani na hilo moja kwa moja. Kijana ana haki ya kupenda kitu kwa sababu ni kizuri tu. Na ile gari ni nzuri, tusidanganyane. Umbo lake ni kazi ya Pininfarina, ilionyeshwa Paris mwaka 1994 na kuanza kuuzwa 1995. Ukiiweka pembeni ya Probox pale Omurushaka hata mwenye Probox atageuka kuangalia! Wenzetu wa mikoa mingine wanatutania kila siku kwamba watu wa Kagera tunapenda kujisikia. Sawa, sisi Wanyambo tunajitetea kuwa hayo ni ya majirani zetu Wahaya, lakini ukweli mnaujua, hahaha.

Kwa hiyo siongelei dhambi ya kupenda gari. Naongelea hesabu.

Jambo la kwanza ambalo mshikaji halioni: bei ya kununua siyo bei ya gari. Gari kuukuu linauzwa rahisi kwa sababu anayeuza anajua kinachofuata. GTV zilikoma kutengenezwa katikati ya miaka ya 2000, kwa hiyo hata zile za mwishomwisho zina umri wa miaka 20 hivi. Kila kitu cha raba ndani yake kimezeeka: bushi, mipira ya maji, sili, mikanda. Havijali kama kilomita ni chache, raba inazeeka hata gari likiwa limepaki.

Sasa njoo kwenye injini. Ile ya lita 2.0 inaitwa Twin Spark, maana yake kila silinda ina plagi mbili. Silinda nne, plagi nane. Gari la kawaida la silinda nne lina plagi nne. Hapo tu umeshazidisha mara mbili. Halafu kuna taimingi belti. Wenye uzoefu na injini hizi wanashauri ibadilishwe kila kilomita 60,000 hivi au mapema zaidi, na ukifungua hapo ubadilishe na pampu ya maji na kile kidude kinachoitwa varieta. Usipobadilisha belti ikakatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo huongelei tena matengenezo, unaongelea injini nyingine. Sasa linganisha na injini ya 1NZ iliyomo kwenye Probox na IST nyingi. Ile inatumia cheni, siyo belti. Ndiyo maana ile michomoko yetu inapakia watu kupita kiasi, inapanda milima na bado kesho asubuhi inawaka.

Jambo la pili ni fundi. Hapa ndipo penye mzizi wa hoja yangu, naomba msome taratibu.

Toyota haikuteka Karagwe kwa sababu ni gari bora kuliko zote duniani. Iliteka kwa sababu kila mtu anaijua. Ukiharibikiwa na Toyota njiani, dereva wa kwanza atakayesimama ana spana na ana wazo. Fundi wa chini ya mti ameshafungua kumi za aina hiyo. Spea ikikosekana Kayanga, inapigwa simu Bukoba au Mwanza, inawekwa kwenye basi, kesho boda anakuletea mpaka mlangoni. Hiyo huduma haimo kwenye bei ya gari, lakini ndiyo unayoinunua. Unanunua watu.

Na Alfa Romeo je? Unanunua upweke. Gari likizima Nkwenda usiku, kila atakayesimama atakusifia rangi, kisha ataondoka. Spea utaagiza Ulaya au Dubai, ulipie usafiri, ulipie forodha, usubiri wiki kadhaa, halafu uombe Mungu iwe ndiyo yenyewe. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari inayoelewana vizuri na Alfa sijui utaipata gereji gani huku kwetu. Fundi atafanya anachojua: ataanza kukata waya.

Najua mtaniambia, "Mbona magari ya Kiitaliano yameshatamba Afrika Mashariki?" Kweli kabisa, wala sibishi. Miaka ya 1960, Zambia ilipohitaji kupitisha shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam, malori ya Fiat yalipiga kazi ile barabara ikiwa bado mbaya kupindukia. Na kwenye Safari Rally ya Kenya, Lancia Delta ilishinda mwaka 1988, ikarudia 1989, zote akiendesha Miki Biasion, halafu Juha Kankkunen akashinda nayo tena 1991. Vumbi, matope, mawe, yote ilipita.

Lakini jiulizeni ilipitaje. Timu za kiwanda kwenye Safari za wakati ule zilikuwa na magari ya mafundi kila kituo na helikopta inayofuata juu. Kampuni ya malori yenye Fiat nyingi za aina moja inaweza kuweka karakana na stoo ya spea, gharama ikagawanyika. Kwa hiyo Mwitaliano hana tatizo na barabara ya Afrika. Ana tatizo na kuwa peke yake. Mshikaji, wewe helikopta unayo?

Jambo la tatu ni barabara zenyewe. Lami ya kutoka Kyaka kuja Bugene safi, hapo Alfa itacheka. Lakini nyumbani kwenu hakuko kwenye lami. Kutoka barabara kuu mpaka kwa babu ni ile njia ya katikati ya migomba ambayo mvua za Machi mpaka Mei huifanya mtaro. Gari lile liko chini kama mtu aliyechuchumaa. Jiwe moja likipiga sampu, oili yote inabaki njiani. Ukiwa mwalimu wa ajira mpya usitegemee kupangiwa shule iliyo kwenye lami, wanakupeleka kwenye uhitaji, na uhitaji uko huko ndani. Na huko ndani petroli mara nyingi inauzwa kwenye chupa za maji pembeni ya njia. Bodaboda inakunywa bila kulalamika. Injini ya miaka 20 yenye nozeli zilizochoka italalamika.

Kuna anayesema basi aagize mwenyewe Japani, apate lililotunzwa. Haya tupige hesabu. Chukua gari ambalo hadi kufika bandarini limekugharimu milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tumefika 12.5. Injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, tumefika kama 13.1. Juu ya hapo VAT asilimia 18, tumefika kama 15.5. Na bado hujaweka ushuru wa uchakavu, ambao gari la umri huo halikwepi, wala gharama za bandari. Kwa ufupi, sahau.

Nikiri pia upande wake una hoja moja nzuri: tangu 2017 ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa ikahamishiwa kwenye mafuta. Gari likipaki halikudai kitu serikalini zaidi ya bima. Ila gari la kupaki kwa mtu anayeishi kwa bumu la elfu kumi kwa siku... jamani!

Na hata ajira ikija, kumbukeni Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kabla hujaugusa, na kuna mfuko wa hifadhi na bima ya afya. Kinachobaki ndicho cha kula, kupanga na kutuma nyumbani.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma kweli. Muuzaji wa Mwanza hasubiri. Kahawa mpaka iive ni Mei na kuendelea. Kwa hiyo mshikaji ameanza kuongea na watu wa butura. Kwa wasiotoka kwetu: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Mnunuzi anakupa hela leo kwa bei ya huruma, ikiiva anakuja kuvuna faida yeye. Serikali imepiga marufuku, vyama vya ushirika vinapiga kelele, lakini bado inafanyika kimyakimya usiku. Na inafanyika wakati ambao mkulima ameanza kuona mwanga, maana kwenye minada ya msimu wa 2024 bei zilipanda mpaka wazee wakarudi kupalilia mibuni waliyokuwa wameitelekeza!

Kile kibanja siyo benki, waitu. Wazee wamezikwa pale. Wadogo zake wanasoma kwa kahawa ileile. Ada imefutwa, lakini sare, madaftari na sabuni havijafutwa. Ukiuza maua ya mwaka huu kwa ajili ya gari, belti ikikatika utauza ya mwakani. Halafu utauza nini?

Msimamo wangu basi. Alfa kuukuu inunue ukiwa na mambo matatu. Moja, una hela nyingine sawa na bei ya gari, imetulia pembeni kwa ajili ya matengenezo tu. Mbili, una usafiri mwingine wa kukupeleka kazini, hata pikipiki, ili gari likilala wiki sita usifukuzwe kazi. Tatu, hakuna hata senti moja iliyotoka kwenye kahawa ambayo haijaiva. Ukiwa nayo yote matatu nunua, tena mimi nitakuwa wa kwanza kukaa kiti cha mbele na kupungia watu pale Kayanga. Kwa sasa hana hata moja, kwa hiyo jibu langu ni asinunue.

Gari zuri litapatikana tena, watu wanachoka nayo kila siku ndiyo maana yanauzwa. Mbuni ukiupoteza unapanda mche na kusubiri miaka.

Naomba kutoa hoja. Wanaobisha waje na hesabu, siyo kelele!