Kahawa Yetu Haikuanzia Kwenye Kikombe

Kuna makala moja ambayo nimeisoma mara ishirini kwa waandishi ishirini. Leo inaitwa "Safari ya Kahawa", kesho "Kahawa Duniani na Namna ya Kuipika Nyumbani". Inaanzia Ethiopia na yule mchungaji Kaldi na mbuzi wake waliocheza baada ya kula matunda mekundu. Inavuka bahari hadi Yemen, inapumzika Uturuki, inapiga espresso Italia, inamalizia Marekani. Mwandishi akiwa Mtanzania atatupitisha Unguja kwenye dele, tangawizi na kashata, halafu atatupia aya moja ya Kagera: eti kule wakulima wanalima kahawa lakini hawaijui ladha yake, maana hawainywi. Msomaji anasikitika kidogo, anashusha pumzi, anaendelea na maisha yake.

Mimi ni mtoto wa Ihanda, Karagwe. Hiyo aya nimeichoka.

Tuseme kweli kwanza. Nyumbani kwetu hatukuwa wanywaji. Asubuhi ilikuwa uji, na mgeni wa heshima alipikiwa chai ya majani. Lakini asiyekunywa kahawa na asiyeijua kahawa ni watu wawili tofauti, jamani. Sisi tuliitafuna.

Bibi yangu aliyachuma matunda yakiwa yamekomaa lakini bado ya kijani. Aliyachemsha muda mrefu kwenye chungu pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha akayaanika juani siku kadhaa mpaka yakawa magumu, meusi, yanalia ukiyatikisa kiganjani. Hiyo ndiyo akamwani. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari ya safari, aliwekewa punje chache. Ukizitafuna unakutana na uchungu kwanza, kisha harufu ya majani, kisha kitu kinachokaribia utamu, na macho yanafunguka. Mzee mwenye shughuli ndefu, msiba au kesi ya mpaka wa shamba, alitia chache mfukoni na kushinda nazo kutwa.

Na haikuwa kitafunwa tu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana, na katika nchi zetu za Maziwa Makuu, Buganda hadi Buhaya, watu waliotaka kuwa ndugu wa damu walizigawana hizo punje mbili, kila moja ikiwa imepakwa damu ya mwenzake, wakala. Tafuta ishara nzuri kuliko hiyo kwenye riwaya yoyote. Watu wawili wanatoka kwenye ganda moja! Halafu anakuja mtu na kompyuta yake kuniambia hawa hawaijui kahawa.

Nitajibiwa kwamba kutafuna si utamaduni wa kahawa, kwa sababu kahawa ni kinywaji. Nani kasema? Waoromo wa Ethiopia wana desturi ya kukaanga matunda ya kahawa kwa siagi na kuyala, na waandishi wetu wakiliona hilo wanaandika "asili ya kale". Wayemeni wanachemsha maganda ya kahawa na tangawizi, wanaita qishr, na hilo nalo linaingia kwenye orodha bila mtu kuhoji. UNESCO iliuandikisha utamaduni wa kahawa ya Kituruki mwaka 2013, na mwaka 2015 ikaandikisha kahawa ya Kiarabu kama ishara ya ukarimu, Oman ikiwa miongoni mwa nchi zilizoomba. Sina ugomvi nao, wanastahili. Ninachouliza ni hiki: ukarimu wa finjani ukiwa urithi wa dunia, ukarimu wa punje kiganjani kwa bibi yangu unageukaje kuwa ujinga wa mkulima?

Kuna jibu la pili, na hili lina dharau zaidi. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta. Nikiwa Dar, kwenye mkahawa mmoja wenye ubao mrefu wa kahawa za dunia, nilimwuliza kijana wa kaunta kama wana robusta ya Kagera. Akacheka kwa adabu: "Hiyo ni ya kuchanganyia tu, kaka." Kwenye ubao huohuo palikuwa na kahawa ya Vietnam, ya kuchujwa taratibu juu ya maziwa mazito ya kopo, bei juu. Vietnam ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kulima robusta. Yaani robusta ikija na pasipoti ya mbali inaitwa utamaduni, ikitoka Karagwe kwa basi ni ya kuchanganyia.

Mtasema nafanya jambo kubwa kwa neno dogo. Lakini aya ile ina kazi inayofanya. Mtu anayesemwa kila siku kwamba hajui alichonacho ni rahisi kumpangia bei. Kwetu kuna kitu kinaitwa butura: mkulima anauza kahawa ingali maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mnunuzi anakuja kuvuna. Serikali inapiga marufuku, na inafanya vyema. Ila ukisoma wanavyoeleza chanzo chake, utaambiwa ni "ukosefu wa elimu". Elimu gani? Ada ya shule ya Januari haisubiri mavuno ya Mei. Mgonjwa hasubiri mnada. Mzee anayeuza butura anajua hesabu ya hasara yake mpaka shilingi ya mwisho, na ndiyo maana anauza usiku.

Nami nina lawama kwetu pia, isije ikaonekana nazipigia ngoma za nyumbani tu. Akamwani inakufa, na si wazungu wala watu wa Dar wanaoiua. Mwaka 2024 bei ya robusta ilivunja rekodi kwenye soko la London, na furaha ile ilifika mpaka vijijini kwetu. Kila tunda sasa ni pesa. Wataalamu wanahimiza tuchume mekundu matupu, tusianike chini, na wana haki, ubora ndio bei. Lakini akamwani inataka matunda ya kijani, na kwa bei hii nani atamwachia bibi hata sufuria moja? Sisi wajukuu tuliosoma ndio tunaona aibu kutafuna mbele za watu. Tunatoa bablish.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaosoma na kuandika. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Alituonyesha kwamba mambo ya nyumbani, yakielezwa bila haraka na bila kuomba radhi, yanabeba riwaya nzima. Sasa nionyesheni hadithi za leo ambamo mtu wa Karagwe anatoa punje kutoka mfukoni. Wahusika wetu wote wameketi kwenye mikahawa yenye viyoyozi wakikoroga povu. Hata lugha inatusaliti: kahawa na buni tumevipokea kutoka Kiarabu, vikatukaa vizuri. Lakini neno letu, mwani, ukilitamka Pwani watakuletea mmea wa baharini.

Mnataka kutengeneza nyumbani? Kahawa ya dele ni rahisi: buni ukaange mwenyewe, utwange, uchemshe bila sukari, tangawizi ukipenda, kashata pembeni. Akamwani ni ngumu zaidi, kwa sababu tunda bichi halipatikani Sinza wala Kinondoni. Mwombe anayetoka Bukoba akuletee kifungu kimoja. Usikisage, usikitie maji ya moto. Weka punje mbili mdomoni, moja yako, moja ya mwenzio aliye karibu, na mzitafune polepole.

Halafu rudi kwenye ile aya ya Kagera uliyokuwa unaiandika, uifute.